Mahitaji ya mtumiaji hayapatikani ofisini: mwongozo wa kukusanya taarifa kabla ya kuunda mfumo

Chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa zabibu, nje kidogo ya Jiji la Dodoma, kiliniita nikitengenezee mfumo wa kompyuta wa kupokea mazao. Siku mbili nilikaa ofisini na mwenyekiti na katibu. Walinieleza vizuri kabisa: mkulima analeta zabibu, zinapimwa, karani anaandika jina na kilo, mkulima anapewa stakabadhi, jioni mahesabu yanakwenda kwa mhasibu. Niliandika yote, nikachora na michoro yangu. Siku ya tatu nikasema ngoja nikaone mizani yenyewe.

Karani alikuwa mama wa makamo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, kaunta buku juu ya mapaja. Alikuwa ameipiga mistari mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Safu ya mwisho haikuwa na kichwa, na kwenye baadhi ya mistari kulikuwa na kiduara kidogo. Nikamuuliza, "Mama, hiki kiduara ni cha nini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mkono wake wa kulia. "Hizo ni kreti zetu, mwanangu."

Maana yake ni hii. Mkulima akija na kreti za chama, uzito wa kreti tupu unajulikana, kwa hiyo unatolewa jioni kwa pamoja. Akija na ndoo au beseni lake, chombo kinapimwa kitupu pale pale. Kiduara ndicho kinachomwambia mhasibu nani atolewe na nani amekwisha kutolewa. Chukua kreti yenye kilo mbili ikiwa tupu: mkulima wa kreti 15 angeandikiwa kilo 30 za plastiki, na mnunuzi hawezi kulipia plastiki. Mfumo niliokuwa nimeuchora ofisini haukuwa na mahali pa kuweka kiduara kile. Mwenyekiti hakunificha kitu, ila yeye haandiki kile kitabu. Na karani hakuona sababu ya kulitaja jambo ambalo mkono wake hulifanya bila hata kulifikiria.

Tangu siku ile nimebadilisha mpangilio wangu wa kazi. Hatua ninazozieleza hapa ndizo ninazofuata, na mfano nitakaoutumia zaidi ni wa zabibu kwa kuwa ndio ninaoujua kwa karibu. Kama unaunda mfumo wa zahanati, wa shule au wa duka la pembejeo, badilisha majina tu.

Hatua ya kwanza: jua watu, na jua majira yao

Kabla ya kuandaa swali hata moja, andika orodha ya kila anayeguswa na kazi hiyo. Nawagawa mafungu manne: anayetoa idhini na fedha, anayeingiza taarifa, anayesoma ripoti, na anayeguswa bila kushika kompyuta. Fungu la nne ndilo linalosahaulika kila mara. Mkulima hatafungua mfumo wako maisha yake yote, lakini stakabadhi itakayotoka ndiyo atakayoishika mkononi akidai haki yake. Dereva wa lori la mnunuzi naye yumo, maana akichelewa kuondoka zabibu zinaharibika njiani.

Ukienda kijijini, pitia kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na barua ya utambulisho, saini kitabu cha wageni, eleza shida yako kwa ufupi. Usiione kama usumbufu. Mtu aliyesikia kwamba umepita ofisini atazungumza nawe bila kutazama nyuma. Kama mfumo ni wa taasisi ya umma, wasiliana mapema na wahusika wa TEHAMA wa taasisi hiyo, kwa sababu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao zina masharti yake, na ni vibaya kuyagundua ukiwa umeshaanza kujenga.

Halafu majira. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mvua tunazo za msimu mmoja. Ukienda kwenye chama cha zabibu wakati hakuna mavuno utakuta ofisi tulivu, kila mtu ana nafasi, kila mtu ana maelezo mazuri, na hakuna hata kreti moja ya kutazama. Ukienda vijijini Desemba asubuhi kutafuta wakulima, wako shambani wanapanda mtama na uwele. Panga safari yako ifuate kazi yao hata kama ratiba yako itavurugika.

Hatua ya pili: omba karatasi zilizotumika

Ukiomba fomu utapewa fomu tupu, safi, ya kupigwa chapa. Ishukuru, iweke pembeni, kisha omba kitabu cha msimu uliopita. Fomu tupu inaonyesha kazi ilivyokusudiwa, na ile iliyochafuka inaonyesha kazi inavyofanyika.

Unapoipekua tafuta vitu hivi: safu iliyoongezwa kwa mkono, safu iliyo tupu ukurasa baada ya ukurasa, maandishi ya penseli katikati ya ya kalamu, namba za simu nyuma ya jalada, na vitabu viwili vinavyoandika kitu kile kile. Safu ya kuongezwa ni hitaji ambalo aliyetengeneza fomu hakulijua. Safu tupu ni jambo ambalo mkubwa fulani aliliomba zamani na hakuna anayelihitaji tena. Hesabu kabisa. Chukua kurasa kumi, angalia safu ya "namba ya shamba" imejazwa mara ngapi. Ikiwa haijajazwa hata mara moja, usiifanye kuwa ya lazima kwenye mfumo wako, maana karani atajaza sifuri ili apite, na utakuwa umejenga ghala la sifuri.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ukurasa wowote, na funika majina na namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikuandikwa kwa ajili ya makampuni makubwa peke yake. Picha ya kitabu cha wanachama iliyobaki kwenye simu yako ni taarifa za watu.

Hatua ya tatu: kaa utazame

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote, na ndiyo ambayo wenzangu wengi huiruka kwa kuwa haionekani kama kazi. Fika kabla kazi haijaanza. Tafuta pa kukaa ambapo humzuii mtu. Waambie wazi unachofanya: "Nimekuja kujifunza kazi, sikuja kukagua." Kisha nyamaza.

Daftari langu lina safu tano: saa, nani, amefanya nini, ameshika nini, nini kimemkatiza. Hiyo ya mwisho ni dhahabu. Kwenye mizani ile karani alikatizwa mara nyingi mno: mkulima anauliza malipo ya wiki iliyopita, simu ya mnunuzi inaita, mtoto anakuja kuchukua funguo. Kila akikatizwa anaweka kidole kwenye mstari aliokuwa anauandika, anajibu, kisha anarudi pale pale. Kitabu kinamsubiri. Je, skrini yako itamsubiri, au itajifunga yenyewe baada ya dakika mbili na kufuta alichokuwa ameandika?

Tazama mikono. Zabibu zilizopondeka zina sukari nyingi, na kufikia saa nne asubuhi vidole vya kila mtu pale vinanata. Nyuki wako kila mahali. Mama yule alikuwa akishika kalamu kwa ncha za vidole viwili, vingine amevikunja, na kila baada ya wakulima kadhaa anajifuta kwa kitambaa chenye maji. Mimi nilikuwa nimekuja na wazo la kishikwambi. Nilikijaribu pale pale: vidole vinavyonata vinabonyeza kisichobonyezwa, na jua la Dodoma linageuza kioo kuwa kioo cha kujitazamia uso. Kwa hiyo tuligawa kazi. Anayebeba na kupima asiguse kifaa, anasoma kilo kwa sauti. Anayeandika akae kivulini mikono ikiwa mikavu. Uamuzi huo haukutoka kwenye mahojiano yoyote.

Pima na mtandao ukiwa umesimama mahali pa kazi. Mstari wa simu unaopatikana ofisini unaweza kupotea mita mia mbili mbele, chini ya mbuyu ambako mizani imewekwa. Uliza pia umeme ukikatika wanafanya nini, na kifaa kitachajiwa wapi usiku.

Hatua ya nne: mahojiano

Sasa ndipo uulize, maana sasa una la kuuliza. Zungumza na mtu mmoja mmoja, mahali pake pa kazi, bosi wake akiwa mbali. Anza kwa salamu kamili, usizikate. Ukimkuta mzee, shikamoo kwanza. Ukijua "mbukwenyi", salamu ya Wagogo wa Dodoma, itumie, hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Nimeona nyuso zikifunguka kwa neno hilo moja. Ikiwa mzee anaeleza vizuri zaidi kwa Kigogo, tafuta mkalimani, lakini asiwe kiongozi wa chama wala ndugu yake, kwa sababu malalamiko yatachujwa kabla hayajakufikia.

Kanuni yangu kubwa ya kuuliza: uliza kuhusu mara ya mwisho, usiulize kuhusu kawaida. Nilipomuuliza katibu, "Huwa mnashughulikiaje malalamiko ya kilo?" alijibu, "Mkulima anaandika barua, kamati inakaa." Nilipomuuliza karani, "Mara ya mwisho mkulima kulalamikia kilo zake ilikuwaje?" nikapata jambo jingine kabisa. Ilikuwa juzi. Mkulima alirudi jioni na stakabadhi yake, wakafungua kitabu pamoja, wakakuta kilo zake zimeandikwa kwa mwanachama mwingine mwenye majina mawili yanayofanana na yake. Karani alikata mstari, akaandika upya chini, wote wawili wakasaini pembeni. Hapakuwa na barua wala kamati. "Huwa" inakuletea utaratibu uliobandikwa ukutani. "Juzi" inakuletea kazi.

Usiulize swali ambalo jibu lake la adabu ni ndiyo. "Mngependa mfumo utoe ripoti kila siku?" Nani atamwambia mgeni hapana? Atasema ndiyo, wala hakudanganyi, anakukirimu. Jifunze kusikiliza majibu ya heshima yanasema nini. "Haina shida" mara nyingi maana yake shida ipo ila hataki kukuchosha nayo. "Inasumbua kidogo" huwa inasumbua sana. "Tutaona" ni hapana iliyovaa kanzu. Ukisikia mojawapo, usiiandike kama jibu. Sema, "Nionyeshe," au "Nipe mfano wa siku ilipokusumbua."

Watu watakuletea suluhisho badala ya shida, na hilo ni jambo la kawaida. Karani aliniambia, "Tuwekee kitufe cha kufuta." Ningekiweka, tungepata mfumo ambao mtu anaweza kufuta kilo za mkulima bila kuacha alama. Wajapani wa kiwanda cha Toyota walizoea kuuliza "kwa nini" hata mara tano mpaka wafike kwenye chanzo, nami naufuata utaratibu huo kwa upole, nisionekane polisi. Kwa nini ufute? Kwa sababu nimeandika kwa mtu asiye. Kwa nini ulimwandikia asiye? Majina yanafanana. Kwa nini usitumie namba ya mwanachama? Hawaji na kadi. Basi hitaji si kitufe cha kufuta. Hitaji ni kumtambua mkulima asiye na kadi, na kusahihisha kosa huku mstari wa zamani ukibaki unasomeka, kama vile yeye mwenyewe alivyofanya kwa kalamu.

Hapo hapo nikajaribiwa kutumia Namba ya Utambulisho wa Taifa. Ina tarakimu 20. Jaribu kuziandika wewe mwenyewe kwenye simu ndogo, juani, foleni ikiwa na watu arobaini nyuma. Tulichagua majina matatu pamoja na jina ambalo watu humwita kijijini, maana hapa mtu anayefahamika kwa wote kama Mama Neema anaweza kuwa na majina ya kadi ambayo hata jirani yake hayajui.

Maneno ya vipimo na wakati yanahitaji tahadhari ya pekee. Kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, neno "gunia" halikutoshi: mmoja anakusudia kilo 100, mwingine anahesabu debe, mwingine ana picha ya mfuko uliovimba juu kwa lumbesa. Kila ukisikia kipimo, uliza kinapimwa na nini. Na saa ndiyo iliyoniumiza mimi binafsi. Kwenye mfumo wangu wa kwanza kabisa niliweka sehemu ya kujaza saa ya kupokea mzigo, nikadhani imeeleweka. Karani akawa anajaza 2:30 kwa mzigo uliofika saa mbili na nusu asubuhi. Mfumo ukaamini mizigo imepokelewa usiku wa manane, ripoti ya foleni ikawa haina maana kwa msimu mzima. Kosa lilikuwa langu. Yeye aliandika saa kama sote tunavyoitamka. Siku hizi naacha kifaa kiweke saa chenyewe, na inapobidi mtu aijaze, naweka neno asubuhi, mchana, jioni au usiku mbele yake.

Kuna mambo hutaambiwa siku ya kwanza. Asiye mwanachama kuuza kupitia kadi ya shemeji yake, kwa mfano. Usiyalazimishe. Rudi mara ya pili na ya tatu, na usipeleke kwa mwenyekiti alichokuambia karani huku ukitaja jina.

Hatua ya tano: dodoso, na kikao cha pamoja

Dodoso linafaa kuhesabu kile ambacho umeshakielewa: wanachama wangapi wana simu janja na wangapi wana kitochi, wangapi wanapokea malipo kwa simu. Ukilianza mapema utakusanya majibu ya maswali yasiyo sahihi. Liwe fupi, na mtu asiyependa kusoma asomewe.

Kikao cha pamoja kiite pale tu unapokuwa na maelezo yanayogongana. Mhasibu alisema makato yanafanyika kila jioni, karani akasema kila Jumamosi. Hilo linahitaji wote wawili chumba kimoja. Bandika karatasi ukutani, chora safari ya mzigo kuanzia unapofika hadi malipo, na umpe kalamu karani kabla mwenyekiti hajazungumza. Mkubwa akitangulia kusema, wadogo wataunga mkono, na utaondoka na maelezo ya mtu mmoja yaliyosainiwa na watu tisa. Habari ya nauli na chakula iseme wazi siku unapowaalika, ili mtu asikae kikao kizima akiwaza atarudije nyumbani.

Hatua ya sita: andika mahitaji yanayopimika

"Mfumo uwe wa haraka na rahisi" si hitaji, ni dua. Kila hitaji liseme nani, anafanya nini, katika hali gani, na tutajuaje limetimia. Kwa mfano: "Karani aweze kuandika mzigo wa mkulima mmoja bila mtandao, kabla mkulima anayefuata hajaweka kreti yake ya kwanza kwenye mizani." Hilo unaweza kwenda kulipima.

Mbele ya kila hitaji andika lilitoka wapi: limeonekana mizanini, limesemwa na mhasibu, liko kwenye kitabu cha msimu uliopita. Ukikosa chanzo, hitaji hilo ni lako wewe, na ulifute. Kisha yapange: ya lazima, ya muhimu, ya kupendeza, na ya baadaye. Kwa kila taarifa ya mtu unayotaka kuihifadhi jiulize itatumiwa na nani. Tulitoa tarehe ya kuzaliwa kwa sababu hakuna aliyeweza kutuambia ataifanyia nini.

Hatua ya saba: mfano wa karatasi, kisha rudi ukasome

Chora skrini kwenye karatasi za kawaida, moja kwa kila hatua, na umpe mtumiaji "abonyeze" kwa kidole huku wewe ukibadilisha karatasi. Usimwelekeze. Akikwama, andika alipokwama na neno alilosema. Watu wanaona haya kukosoa kitu kilichokwisha kung'aa kwenye kompyuta, lakini karatasi wataichora juu. Huna haja ya kundi kubwa: watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba kila anayejaribu wa ziada huleta mapya machache kuliko aliyemtangulia, na watu watano hivi hufichua sehemu kubwa ya matatizo. Mimi huchukua watano kwa kila fungu, kwani karani na mhasibu hawakwami mahali pamoja.

Mwisho, kabla hujaandika mstari hata mmoja wa programu, rudi na orodha ya mahitaji uisome kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya wale wale waliokupa. Nilipoisoma ya kwetu, watu walitikisa vichwa kukubali mpaka ukurasa wa tatu. Kisha karani akanyoosha mkono. "Na mvua ikinyesha tukiwa tunapima?"

Ilikuwa Machi, na wingu lilikuwa limetanda upande wa milima. Akaeleza: wanafunika mizani kwa turubai, kitabu kinaingia kwenye mfuko wa nailoni, na wakulima ambao wamepimwa nusu wanabaki na nusu. Mvua ikikatika, mwingine anaendelea, mwingine ameshaondoka anarudi kesho. Kwenye orodha yangu mzigo ulikuwa na hali mbili tu: haujapimwa, umepimwa. Tukaongeza ya tatu, "unasubiri", pamoja na idadi ya kreti zilizobaki, na kwenye safu ya chanzo nikaandika: karani, siku ya kusomewa.